Mafunzo ya Juu ya Mtandao

Jumamosi, 1 Februari

Daftari ni jipya na leo ni tarehe mosi, kwa hiyo naahidi mapema: nitaandika humu yote kama yatakavyotokea, nitakayoyaelewa na nisiyoyaelewa, hata yale yatakayomtia aibu mtu wa nyumbani kwetu. Nikianza kuchagua cha kuandika, kazi niliyopewa itaharibika.

Kazi yenyewe ni ya dada yangu Radhia. Yeye ni fundi wa mitandao ya kompyuta. Kampuni yake inasambaza intaneti vijijini, na tangu Novemba yuko Rungwa, mwisho kabisa wa mkoa wetu, kando ya pori la akiba, wanasimika mnara na kuunganisha shule na zahanati. Cheti cha kwanza cha kazi hiyo anacho. Sasa kampuni imetangaza kwamba italipia mafunzo ya cheti cha juu kwa fundi mmoja tu, ama Radhia ama mwenzake Derick. Kila mmoja atafute mahali pa kusomea, alinganishe, kisha apeleke jina moja na sababu zake kwa msimamizi wao, Injinia Naftali, kwenye ofisi ya hapa mjini. Mwisho ni Ijumaa, tarehe 11 Aprili. Atakayechaguliwa akifaulu atarudishwa Singida mjini kuwa fundi mkuu.

Radhia hawezi kuulizia mwenyewe kwa sababu huko aliko simu hushika sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya zahanati, na mvua ikinyesha haishiki hata hapo. Fundi wa mtandao asiyekuwa na mtandao. Kwa hiyo jana alinipigia akaniambia, "Rahma, wewe unajua kuuliza. Ulizia, linganisha, kisha utaniambia."

Mimi niko kidato cha tatu. Nimefurahi sana kupewa kazi hii. Naandika pia jambo ambalo sijamwambia mtu: kitanda cha Radhia chumbani kwetu sasa kimewekwa masanduku ya Mama, na mimi nimechoka kulala nikiyatazama masanduku.

Jumatatu, 3 Februari

Mvua. Nimepata majina matatu kwenye simu ya Mama kabla bando halijaisha: chuo kimoja Dodoma, kampuni moja Dar es Salaam, na walimu fulani wa Arusha wanaofundisha watu wakiwa makwao.

Jumatano, 5 Februari

Baba mdogo Luqmani amejua. Ni mdogo wake marehemu Baba, ana ghala la nafaka sokoni, na ndiye msimamizi wa mambo yetu. Hajui kusimamia jambo kwa sauti ndogo. Kufikia saa kumi jioni soko zima lilikuwa na habari kwamba binti wa marehemu Abdulmajidi anakwenda kuwa injinia.

Alikuja kwetu akakaa, nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniambia nisihangaike na simu. Simu haiuzi mali. Yeye atauliza kwa watu. Akataka nimwandikie kwenye karatasi kitu anachotakiwa kuulizia, kwa Kiswahili kilichonyooka, maana maneno ya kompyuta yanamteleza. Nikamwandikia kwa herufi kubwa: MAFUNZO YA JUU YA MTANDAO. Akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akaupiga mfuko kofi.

Alhamisi, 6 Februari

Nimepiga Dodoma. Wamesema mhusika ametoka kidogo.

Ijumaa, 7 Februari

Dodoma: mhusika ametoka kidogo.

Dar es Salaam wao wanajibu haraka mno. Kuna dada anaitwa Jenipher anayejibu ujumbe kabla sijamaliza kuuandika mwingine. Nilimuuliza kama mwalimu wao mwenyewe anacho hicho cheti cha juu anachokifundisha. Akajibu, "Karibu sana mpendwa, mwezi huu tuna ofa." Nikauliza tena kwa maneno mengine, kama Mwalimu Jesca wa Kiswahili anavyotufundisha, kwamba asiyeelewa swali hupewa swali jipya, hapewi kelele. Akajibu, "Ndiyo mpendwa, utapata na fulana."

Nimeandika: Dar es Salaam, fulana ipo, mwalimu hajulikani.

Jumanne, 11 Februari

Jaribio la fizikia. Umeme ulikatika jana kutwa, nimesoma kwa taa ya chemli. Dodoma: mhusika ametoka kidogo. Huyu mhusika kidogo chake hakina mwisho.

Jumapili, 16 Februari

Radhia amepiga! Alikuwa juu ya kichuguu chake. Sauti ilikuwa inakatika, lakini alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomsikia tangu aondoke. Alieleza kwamba wamejaribu kompyuta za shule kwa mara ya kwanza, watoto wakafunguliwa ramani, wakaanza kuutafuta mto wao, na mtoto mmoja alipouona akatoka mbio nje kwenda kuhakikisha kama bado upo. Akanisimulia habari za wafuga nyuki waliomletea asali kwenye chupa ya soda. Mimi nilikuwa na orodha ya maswali mkononi na bando linapungua. Nikamkatiza, nikamuuliza kati ya Dodoma na Dar moyo wake unaelekea wapi.

Akasema, "Wewe angalia tu."

Naangalia nini sasa? Mimi ndiye fundi?

Alhamisi, 20 Februari

Jenipher ameandika bila kuulizwa kwamba kwao kufaulu ni asilimia mia moja. Nikamuuliza wanafanyaje. Safari hii alijibu swali lenyewe, na mimi nikatamani asingejibu: maswali ya mtihani wanayo, mwanafunzi hutumiwa wiki moja kabla, ayakariri.

Nimesoma kanuni za hao wanaotunga mtihani. Anayekamatwa na maswali yaliyoibwa hufutiwa vyeti vyote, hata kile alichokipata kwa haki. Radhia angepoteza na cha kwanza. Nimemwandikia Jenipher kwamba asante, hatutahitaji. Akajibu, "Karibu tena mpendwa." Nimeifuta Dar kwa mistari miwili, kalamu ikatoboa karatasi.

Jumanne, 25 Februari

Mvua ya mawe. Vifaranga vya jirani vimekufa. Dodoma: mhusika ametoka kidogo.

Jumatano, 26 Februari

Baba mdogo amekuja akitabasamu hadi nikaogopa. Amepata. Hakupata cha kufanana, amepata neno kwa neno. Karibu na stendi kuna ukumbi, na juu ya mlango wa ukumbi kuna kitambaa kirefu kimeandikwa MAFUNZO YA JUU YA MTANDAO, na chini yake, JUMAMOSI, WOTE MNAKARIBISHWA. Akaitoa karatasi yangu mfukoni, akainyoosha juu ya meza, akaniuliza kama kuna herufi iliyopungua.

Hakuna iliyopungua. Nilishangaa kwamba kitu kama hicho kipo Singida na mimi nimekitafuta hadi Arusha. Mama alicheka, akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Baba mdogo akasema yeye hakuinama, aliinua kichwa tu.

Jumamosi, 1 Machi

Hii ni siku ndefu na sitaki kuiandika, lakini niliahidi.

Tulikwenda Baba mdogo na mimi. Yeye alivaa koti. Ukumbi ulijaa: akina mama wa sokoni, madereva wa bodaboda, mzee mmoja na wajukuu zake. Nilifikiri, kumbe watu wa mji wetu wanapenda elimu hivi. Mbele alisimama kijana wa tai nyekundu, na ubaoni alichora duara moja juu, chini yake maduara mawili, chini ya hayo manne, akayaunganisha kwa mistari. Akasema huu ndio mtandao. Mimi nilishasoma kwamba kompyuta huunganishwa kwa maumbo mbalimbali, nyota, pete, mti, nikaandika kwa furaha: Umbo la mti. Nikachora vizuri kwa rula.

Kijana akasema duara la juu ni wewe. Nikaandika: Kompyuta kuu. Akasema chini yako unaleta watu wawili, nao kila mmoja alete wawili. Nikaacha kuandika. Akauliza nani humu anataka uhuru wa kipato, ukumbi mzima ukanyoosha mikono, na mkono uliotangulia kunyooka ulikuwa wa Baba mdogo. Hapo yakaletwa maboksi. Ndani ya maboksi kulikuwa na makopo ya unga wa majani, wa magoti, presha, na kukosa usingizi.

Ilikuwa biashara ya mtandao: ununue makopo, uwauzie ndugu, ndugu wawauzie ndugu. Mafunzo yao yalikuwa juu ya mtandao, mtandao wa watu. Mimi nilikuwa nimeandika mafunzo ya juu, ya mtandao. Maneno yale yale, mpangilio ule ule. Mwalimu Jesca alitufundisha utata tangu kidato cha pili. Alisema sentensi yenye utata ni nyumba yenye milango miwili, na mgeni ataingia kwa ule ambao hukuufagia. Nilipata alama zote kwenye mada hiyo.

Tukiwa njiani nikamwambia Baba mdogo kwamba si neno, hakuna kilichoharibika, tutaendelea kutafuta. Alikuwa amebeba makopo mawili ya magoti. Tulipoupita msikiti akasema, bila kunitazama, "Jina nimeshalipeleka kwa Naftali. Alhamisi."

Jumapili, 2 Machi

Tumeanza kufunga. Mama hazungumzi na Baba mdogo. Mimi nimefunga na sipaswi kukasirika, kwa hiyo leo siandiki zaidi.

Jumanne, 4 Machi

Baada ya masomo nilikwenda ofisini kwa Injinia Naftali na sare yangu. Derick alikuwepo, ameshuka kutoka kazini kuchukua vifaa. Sikuwahi kumwona kabla. Ni mpole wa sura, lakini alipojua mimi ni nani akauliza kama dada anakwenda kusomea magoti au presha, na mafundi wengine wakacheka hadi mmoja akaweka chini chai yake. Nikawaamkia wote shikamoo kwa pamoja ili wanyamaze waitikie. Waliitikia.

Injinia Naftali hakucheka. Aliniuliza kwa nini mtu mzima anatumwa ofisini kwake na jina la wauza unga. Nikamweleza habari ya sentensi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniomba niirudie, akaandika MAFUNZO YA JUU YA MTANDAO kwenye karatasi yake, akaitazama muda.

"Nimeelewa," akasema. "Lakini Derick ameleta jina tangu wiki iliyopita, na ni jina la maana. Dada yako ana jina moja limebaki. La tatu silipokei."

Nilirudi kwa miguu kupitia ziwani. Koromiji, wale ndege wa miguu mirefu, walikuwa wengi sana, wamesimama kwa mguu mmoja, hawana shida na mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Dodoma: mhusika ametoka kidogo. Nimemwambia huyo anayepokea simu kwamba kama mhusika amefariki aniambie nimsomee dua. Mama akaninyang'anya simu. Haki yake.

Jumatatu, 10 Machi

Nimezungumza na Arusha. Wanafundisha kwa intaneti, saa mbili hadi saa nne usiku, mwalimu anaonekana na anauliza maswali. Nikapenda. Kisha wakasema sharti ni moja tu, mwanafunzi awe na mtandao usiokatika. Nikacheka hadi Mama akaja kutazama.

Jumamosi, 15 Machi

Leo Mama alinituma ghalani kuchukua mtama wa uji wa futari. Nilikuwa sijaonana na Baba mdogo tangu siku ya tai nyekundu. Alikuwa anapokea magunia kutoka Mtinko, na mwenye magunia, mwanamume mwenye maneno mengi, alikuwa amefungua mdomo wa gunia moja, anachota mtama kwa kiganja, anasema tazama, tazama ulivyo mweupe. Baba mdogo hakutazama. Alichukua bambo lake, kile kichuma chenye ncha na mfereji, akalichoma gunia chini kabisa, karibu na sakafu, akalivuta. Mfereji ulitoka na pumba na mchanga. Mwenye magunia akasema hayo ni ya njiani, barabara mbaya. Baba mdogo akasema barabara haipandi ndani ya gunia. Walibishana, bei ikashuka, wakapeana mikono.

Mtu yule alipoondoka, Baba mdogo alikaa juu ya gunia, akawa anafuta bambo kwa kona ya shuka.

"Mwanangu Rahma," akasema, "yule mwenye tai mimi nilimtazama mdomo tu."

Mtu mzima alikuwa anajihukumu mbele yangu. Nikamwambia kosa lilikuwa la sentensi. Akasema sentensi haikuvaa koti ikaenda kwa Naftali. Kisha akaniuliza hao wa Dodoma na Arusha mpaka sasa nimewauliza nini. Nikamtajia: walimu, vifaa, muda, ratiba. Akatikisa kichwa. Yote hayo, akasema, ni mdomo wa gunia, ndipo wanapoweka mtama mweupe. Akanitaka nipige simu hapo hapo.

Tukaanza na Arusha. Baba mdogo akachukua simu, akasalimia kwa heshima zote, akaomba namba ya mwanafunzi wao mmoja aliyefeli. Wakasema kwao hajawahi kufeli mtu. Akawashukuru, akakata. "Gunia lisilo na taka," akaniambia, "halijawahi kuletwa humu."

Halafu Dodoma. Wakasema mhusika ametoka kidogo. Baba mdogo akasema atasubiri kwenye simu. Wakasema huenda akachelewa. Akasema yeye amefunga, hana pa kwenda mpaka magharibi. Akaiweka simu juu ya mizani, ikiwa hewani, tukaendelea kupanga magunia. Mwisho sauti ya mwanamume ikasema haloo, kwa mshangao. Ni Mwalimu Benson, mhusika mwenyewe. Kumbe hakuwahi kutoka. Hushinda maabara, na humo haruhusu simu, hata yake, kwa hiyo wanaopokea huambia watu ametoka kwa kuwa ndivyo inavyosemwa.

Baba mdogo akauliza swali lake. Mwalimu Benson akacheka, akasema katika miaka yote hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Wapo, akasema. Kuna mmoja wa kwenu huko, Mughwai, wa Ikungi. Atamwomba ruhusa kwanza.

Nilichukua mtama nikarudi nyumbani. Sijawahi kumkasirikia mtu na kumpenda kwa siku moja namna hii.

Jumapili, 23 Machi

Radhia alipiga saa kumi. Jana, kwa mara ya kwanza, mnara wao umewaka na zahanati imezungumza na hospitali ya wilaya, daktari akamwona mgonjwa kwenye kioo cha kompyuta. Radhia mwenyewe alipanda juu kabisa kufunga kifaa cha mwisho. Akasema kutoka pale unaona pori lote mpaka linageuka kuwa bluu, na kwamba angependa siku moja nipande nione. Nikamwambia sawa, lakini asikilize kwanza: Dodoma ni miezi mitano, ni kukaa huko huko, maabara ni ya vifaa halisi. Nikamweleza na Injinia Naftali alivyosema kwamba jina limebaki moja. Nikamuuliza niliandike la Dodoma?

"Wewe angalia tu, mdogo wangu. Mama anasemaje?"

Nikamwambia Mama anahesabu siku. Akasema haya. Simu ikakatika, sijui ni mvua au ni yeye.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Pilau. Baba mdogo amemletea Mama kopo moja la magoti kama zawadi, na Mama amelipokea, kwa hiyo wamepatana.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua kubwa tangu juzi. Barabara ya kwenda Rungwa imekatika baada ya Itigi. Simu ya Radhia haipatikani.

Alhamisi, 3 Aprili

Haipatikani.

Ijumaa, 4 Aprili

Haipatikani. Nimeuliza ofisini, wamesema wako salama, radi imepiga chombo kinacholeta umeme kwenye mnara na Radhia anakitengeneza. Derick alikuwa mlangoni. Safari hii hakutania. Alisema, "Mwambie dada hao wazee wa Rungwa wamekataa fundi mwingine." Nilidhani ananicheka, nikapita.

Jumapili, 6 Aprili

Mughwai amekuja ghalani mwenyewe, na pikipiki yake, amelowa. Ni kijana wa umri wa Radhia, anatengeneza kompyuta za halmashauri. Baba mdogo akamketisha, akampa chai, akamwambia, samahani ndugu yangu, wewe ndiye bambo letu. Mughwai akacheka, akasema ameshaitwa mengi tangu afeli, hilo ni zuri.

Alisema yote bila kuficha. Vifaa vya Dodoma ni vya zamani lakini vinafanya kazi, na kila meza hukaa watu wachache. Mwalimu Benson cheti anacho na amekiweka ukutani ambapo kila mtu anaweza kukikagua. Asubuhi mwalimu huingia mapema, anauharibu mtandao wa darasa kwa siri, kisha anawaambia wautengeneze; asiyeutengeneza hali chakula cha mchana mpaka aeleze alishindwa wapi. Hakuna mahali bora kuliko hapo, akasema, si Dodoma tu, popote alipopaona.

Nilikuwa naandika kwa kasi. Nikamuuliza, basi wewe ulifeli kwa nini?

Akazungusha kikombe. "Sikukitaka. Ofisi ilikitaka, na baba yangu alikitaka. Mwalimu aliniambia mapema kabisa, Mughwai, wewe umetumwa hapa kama mzigo. Nikabisha. Kile cheti huwezi kukipata kwa kutumwa, ni kigumu mno." Kisha akanitazama. "Dada yako anakitaka?"

Nikasema ndiyo, sana.

"Alisemaje?"

Nikafungua kinywa kumjibu, sikupata sentensi hata moja. Nilitafuta tangu Februari. Nilipata mto wa kwenye ramani, asali kwenye chupa ya soda, pori linalogeuka bluu. Baba mdogo alikuwa ananitazama. Nikafunga daftari.

Jumanne, 8 Aprili

Barabara imepitika. Basi la Rungwa linaondoka kesho alfajiri na kurudi Alhamisi jioni, na Ijumaa ndiyo siku ya Injinia Naftali. Nimeamua kwamba sitamwandikia Radhia barua, nitampelekea daftari hili lote, kwa kuwa niliahidi kuandika kila kitu na yeye ndiye mwenye kazi. Kwa hiyo kuanzia hapa, Dada Radhia, ninazungumza na wewe.

Barua ya Naftali iko tayari. Nimeiandika mara nyingi hadi haina mlango wa pili: jina la chuo cha Dodoma, jina la Mwalimu Benson, na sababu, pamoja na ya yule aliyefeli. Mwalimu Jesca ameipitia akasema hana pa kuweka kalamu yake. Naamini nikiipeleka utampita Derick. Nina barua nyingine pia, fupi, isemayo kwamba Radhia Abdulmajidi anashukuru na anaomba abaki Rungwa. Hiyo hajaiona mtu.

Kuhusu watu wa nyumbani usiwe na wasiwasi sana. Mama atalia, kisha atauliza kama huko kuna mtama mzuri. Baba mdogo jana alinikuta nimekaa na barua mbili, akaziona, hakusema kitu. Kwake hilo ni jambo kubwa. Na alichosema Derick mlangoni, kwamba wazee wa huko wanakutaka wewe tu, nimekielewa leo asubuhi nikifua. Nilikuwa nimeingia kwa mlango usio wake.

Na mimi, kwa kuwa humu hakuna kufichana: masanduku ya Mama nimeshayaondoa kitandani kwako. Niliyaondoa Februari, ile siku ya kwanza, nikayasukuma chini ya dirisha. Nimetandika shuka ile ya maua. Natamani urudi hadi naona aibu kuandika, na ndiyo sababu kila uliponieleza habari za mto nilikujibu habari za Dodoma.

Nimechoma magunia yote kwa bambo, Dada, isipokuwa lako.

Konda anaitwa Amri, amevaa kofia ya kijani, na nimemwambia asiondoke huko bila daftari hili. Andika jibu chini ya mstari huu, neno moja linatosha, na "wewe angalia tu" silipokei. Unataka kwenda?